Mwaka Tulipoacha Kujibu Salamu

Kwenye arobaini ya Mwalimu Assani, mjane wake Mama Zena alinishika mkono mbele ya wanawake waliokuwa wakipika, akasema kwa sauti iliyofika mpaka upande wa wanaume: "Muangalie vizuri huyu. Njo ule mutu alimukatalia bwana yangu salamu." Wakacheka, nami nikacheka, maana utani wa msibani haukasirikiwi. Sasa mimi ni mtu mzima, nywele za mbele zimeanza kunitoroka rangi, nafundisha vijana kazi ya mashine huko Kindu na wananiogopa kidogo, jambo ambalo silichukii. Ya kwetu na ya utoto wangu nayaacha, hayahusiki. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, ule niliofanya kazi Kasongo, kwa sababu ndio ulionifundisha uoga. Watu husema hofu huisha mtu akizeeka. Yangu haikuisha, nimeizoea tu, kama mtu anavyozoea jino bovu kwa kutafunia upande wa pili.

Kituo chetu kilikuwa nyumba ya matofali ya zamani yenye kuta nene, na chumba cha mashine, yaani kompyuta yetu, kilikuwa zamani stoo ya pamba. Misumari mikubwa ya kutundikia mizani ilikuwa bado ukutani, nami nilitundika juu yake nyaya zangu. Chini ya meza kulikuwa na betri zilizokula jua kutoka kwenye paa, na harufu yake ya tindikali ilichanganyika na harufu ya sombe, majani ya muhogo, kwa kuwa jikoni palikuwa nyuma ya ukuta mwembamba wa mbao. Kazi yetu ilikuwa kupokea maneno ya watu walioumizwa kandokando ya machimbo ya dhahabu: nani aliuawa, nani alikuwepo, nani aliamuru. Maneno hayo yalitoka kituo kidogo cha Kabambare, yakapanda angani kwa anteni, yakashuka kwetu yakiwa yamefungwa kwa ufunguo wa siri, na mashine yetu ikayafungua. Mkubwa wetu, Papa Donat, aliyapeleka kwa wanasheria. Alikuwa mtu mpole, mnene, asiyekubali kwamba amekula kama hajala wali. Ukimpa bugali na samaki wa Nyangwe alikula yote, akalamba vidole, kisha akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Kabambare alikaa Mwalimu Assani. Alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka macho yakamchoka, ndipo akapewa kituo, chumba kimoja uani kwake. Alisalimia kwa kuandika jinsi alivyosalimia kwa mdomo, bila kuruka mtu. Kila asubuhi: mulilala namna gani, mugongo ya Papa Donat inaendelea namna gani, mupishi iko, na kuku ya Mwamini iliangua? Mwamini ni mimi, na kuku wangu alikuwa ameng'ang'ania kulalia mayai mabovu, jambo lililomfurahisha Mwalimu kwa wiki nzima. Mpaka tumjibu yote, hakutuma neno la kazi. Nilipokuwa mgeni nilimwandikia kwamba salamu ndefu zinakula betri. Akanijibu: "Mutoto yangu, salamu isiyojibiwa iko na sababu mbili. Ao mwenye nyumba amekufa, ao amekuwa adui." Sikumsumbua tena.

Mwaka huo, mvua zilipokaribia kwisha, mwanamke mmoja alifika kwake kwa miguu kutoka upande wa Salamabila. Aliitwa Riziki. Aliona watu wakipigwa risasi kwenye shimo la dhahabu, mumewe akiwa mmoja wao, na alimjua kwa jina komanda aliyetoa amri, kwa sababu komanda huyo alikuwa akinunua mandazi yake kila asubuhi. Mwalimu alimpa chumba nyuma ya jiko, akawaambia majirani kwamba ni mtoto wa shemeji yake, akampa na jina la uongo. Lakini sisi ilibidi atuandikie ukweli, ili tumtafutie gari la kumleta Kasongo: jina lake, jina la komanda, na mahali anapolala. Nilikuwepo maneno hayo yalipoingia. Nakumbuka niliyasoma nikiwa na kipande cha muhogo mdomoni, na kwa muda nilisahau kutafuna.

Siku chache baadaye, asubuhi, nikafungua barua za kazi na kukuta tangazo la wale wanaotengeneza ile programu ya kufunga maneno, kwamba ina tundu. Lilikuwa fupi, na kwa ufupi wake nikajua ni baya. Nililisoma, nikalisoma tena. Nikamwita Papa Donat. Naye akasoma, midomo yake ikitembea, kisha akanivutia kiti.

"Nielezee kama unaelezea mama yangu," akasema.

"Papa, mashine nazo zinasalimiana," nikasema. "Hata sisi tukinyamaza, ile ya Kabambare inauliza hii yetu kila wakati: uko? Inatuma neno kidogo, inasema neno hilo lina herufi ngapi, na hii inarudisha neno lilelile. Njo salamu yao. Sasa, jirani akikuletea sahani ya maharagi, utairudisha tupu?"

"Hapana. Hata chumvi utaweka."

"Basi. Mutu mubaya analeta punje moja ya maharagi, imefunikwa, na anasema: nimeleta sahani imejaa. Mashine haifunui. Inaamini. Inamurudishia punje yake, halafu inajaza sahani na kila kitu inakuta jikoni saa ile."

Nyuma ya ukuta wa mbao mpishi wetu, Mama Kalunga, aliyekuwa akitwanga sombe, akaacha kutwanga.

"Na jikoni mwetu muko nini?" Papa Donat akauliza.

"Majina. Na ufunguo yenyewe ya kufungia maneno."

"Tutajua kama kuna mutu alikuja na sahani?"

"Hatutajua, Papa. Haiachi alama."

Katika yote hayo, hilo la alama ndilo lililonitisha zaidi. Mwizi wa kuku huacha manyoya. Huyu angeweza kuwa ameingia na kutoka tangu siku nyingi, akichota kidogo kidogo, na sisi tukisalimiana na kuulizana habari za kuku. Niliitazama mashine niliyokuwa nikiifuta vumbi kila siku, nikaogopa kuigusa. Sijawahi kuona aibu kusema hivyo: niliogopa kitu cha bati na nyaya kuliko nilivyowahi kuogopa nyoka.

Kuiziba tundu yenyewe haikuwa kazi kubwa. Programu mpya ilifundishwa jambo moja: funua sahani kwanza, na kama haijalingana na maneno ya aliyeileta, nyamaza. Niliishusha kutoka angani na kuiweka kabla wali wa mchana haujaiva. Lakini kufuli jipya halina maana ikiwa ufunguo wa zamani uko mfukoni mwa mtu usiyemjua, hivyo nikabadilisha na funguo zote. Hapo mashine ya Kabambare, yenye ufunguo wa zamani, ikawa mgeni mlangoni kwetu. Ikabisha, yetu ikanyamaza. Niliomba nimtumie Mwalimu neno moja kwa njia ya zamani kabla ya kuifunga, neno "ngoja" tu. Papa Donat akakataa. "Kama wanasikiliza, na neno ngoja watasikia," akasema. "Watajua tumejua. Watamukimbilia mama ule leo leo." Alisema kweli. Simu nayo haikuwepo, mnara wa Kabambare ulikuwa umelala kwa kukosa mafuta. Ilibaki moto, yaani pikipiki, na mimi juu yake.

Programu na funguo mpya niliziweka kwenye kadi ndogo, ukubwa wa ukucha. Mama Kalunga, ambaye hakuulizwa, aliingia akiwa na kitana, akanikalisha kwenye kigoda cha jikoni, akaisukia kadi ndani ya nywele zangu, katikati ya mistari miwili ya kisogoni. Alisuka kwa kukaza mpaka machozi yakanitoka, nami nilifurahi kuwa na sababu ya kuyatoa. "Ukifika, usikune kichwa," akasema. "Watu wanaokuna kichwa wanaonekana wako na kitu." Mchana huohuo tukaondoka na Amisi, mtu wa moto aliyezoea njia ile, asiyependa maswali.

Jioni tulisimama Wamaza kula. Nyumba ya chakula ilikuwa na ukuta wa mkeka, na upande wa pili walikuwa wanaume wawili, kwa mazungumzo yao wachuuzi wa dhahabu waliotoka Salamabila. Walisifu samaki, wakalalamika juu ya matope, kisha mmoja akasema, kwa sauti ileile ya kulalamika juu ya matope: "Ule mwanamuke wa mandazi anatafutwa sana." Mwingine akasema: "Inasemekana iko Kabambare." "Nani anasema?" "Batu." Nikalirudisha tonge la bugali sahanini. Amisi alinitazama, akanisogezea kikombe cha maji. Neno lile "batu" nililigeuzageuza usiku kucha juu ya mkeka wa watu. Batu gani? Walioona mwanamke akipita kwa miguu, au waliokuja kwetu na sahani yenye punje moja?

Kesho yake tulikuta barieri, mti umelazwa njiani, na vijana wenye bunduki ambao sikujua ni wa nani, wala hapakuwa na faida ya kuuliza. Wakamwaga begi langu: nguo, sabuni, unga wa muhogo. Mmoja akatumbukiza mkono ndani ya unga mpaka kwenye kiwiko. Kisha akanitazama na kusema: "Toa kitambaa." Nikakivua kichwani. Akanizunguka, nikasikia pumzi yake shingoni, ikinuka karanga. Kisogo kiliniwasha kana kwamba kadi ile imewaka moto, na nilimkumbuka Mama Kalunga, nikaishikilia mikono yangu chini.

"Nani alikusuka?" akauliza.

"Mama mumoja wa Kasongo."

"Anajua kazi," akasema. "Bibi yangu anasukwa sasa hivi, siku tatu nywele zinafumuka." Kisha akainua mti. Amisi aliendesha mpaka barieri ikapotea nyuma, akasimama, akashuka, akaenda kutapika kwenye majani. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeogopa.

Kabambare, kwa ajili ya matope, tulifika siku ya nne ya safari, jua likiwa bado liko juu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kituo. Mlango ulikuwa wazi. Meza ilikuwa tupu, waya wa anteni ulining'inia ukutani haukushika kitu, na mahali pa betri palibaki alama ya mraba kwenye vumbi. Nilisema moyoni, tumechelewa, wamewachukua wote wawili. Mama Zena, mke wa Mwalimu, alikuwa uani akianika muhogo. Nilimwendea nikamsalimia. Hakuitika. Nikasalimia tena, kwa adabu yote, nikamuulizia nyumba, watoto, mashamba. Aligeuza vipande vya muhogo kimoja kimoja, na hakuitika.

"Mama, ni mimi. Mwamini wa Kasongo."

"Kasongo haikujibu bwana yangu," akasema bila kuniangalia. "Asubuhi alisalimia, wakanyamaza. Asubuhi ya pili, wakanyamaza. Aliniambia: Kasongo imekufa, ao imekuwa adui. Mutu akija kusema ametoka Kasongo, usimujibu."

Tulikuwa hatujawahi kuonana uso kwa uso. Nilifungua mdomo nimpe ushahidi: kuku wangu, mayai mabovu, mgongo wa Papa Donat. Kisha nikaufunga. Yote hayo yalikuwa yamepita kwenye mashine. Kila utani tuliotaniana na Mwalimu ungeweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine, na mwanamke mwingine yeyote angeweza kusimama pale nilipo na kuusema. Naye Mama Zena, ambaye hajawahi kugusa mashine, alilijua hilo kwa njia yake, maana aliniuliza kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa.

"Wakati bwana yangu alikuja huko kwenu, mulimupa sahani ya wali aniletee. Niliirudisha na dereva. Ilirudi na nini?"

"Uyoga ya kukauka," nikasema, maana Mwalimu alipokuja sikuwepo, lakini sahani ni mimi niliyeipokea. "Na mayai. Moja ilifika imepasuka, ikalowesha uyoga yote."

Hapo ndipo aliponiangalia. "Ya kupasuka sikujua," akasema polepole. "Dereva yule anaendesha vibaya." Akavuta kigoda, akanikalisha, na ndipo akaniitikia salamu zangu zote, kwa utaratibu, kuanzia ya kwanza.

Alinieleza. Asubuhi ya pili ya ukimya wetu, Mwalimu aliikata mashine, akaiweka ndani ya kikapu, akaifunika kwa majani ya muhogo, akamchukua Riziki, wakavuka mto Luama kwenda kwenye kibanda cha shamba. Mchana wake walikuja wanaume kwa moto. Walikwenda moja kwa moja kwenye chumba kile, wakakikuta kitupu, kisha wakamuulizia mwanamke. "Kwa jina gani?" nikauliza. "Kwa jina yake kabisa," akasema. "Riziki. Hapa hakuna mutu anajua ile jina, ni mimi na bwana yangu." Nilitaka kumwambia kwamba Salamabila nzima ilimjua kwa jina hilo, kwamba labda lilitoka huko, kwa mdomo, kama maneno yote yanavyotoka. Nilitaka kuliamini hilo mwenyewe. Mpaka leo naamka siku nyingine nikiliamini, na siku nyingine siliamini.

Mwalimu na Riziki niliwakuta ng'ambo ya mto, chini ya paa la majani, wanachoma mahindi. Mwalimu Assani alikuwa mdogo kuliko maandishi yake, na miwani yake ilifungwa kwa uzi. Nilimsalimia. Alikaa muda akinitazama kama anayesahihisha daftari. "Nilikusalimia siku mbili," akasema.

Nikamweleza yote: sahani, punje, funguo, neno "ngoja" nililokatazwa. Alisikiliza mpaka mwisho. "Basi muko wazima," akasema. "Nililia Papa Donat. Nilimusomea dua na yeye iko Mukristo." Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Kwa hesabu za mashine alikuwa amekosea: Kasongo haikufa, wala haikuwa adui. Lakini angejua ukweli angekaa nyumbani kunisubiri, na wale wa moto wangemkuta mezani. Nilifumua nywele zangu palepale, nikatoa kadi, nikamweleza jinsi ya kuiweka. Giza lilikuwa limeshaingia, akanishikia tochi.

Riziki alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge mpaka mabegani, na aliyageuza mahindi kwenye makaa kwa vidole, bila kijiti. Tulipomaliza aliniuliza: "Mashine sasa imefungwa?"

"Imefungwa vizuri, mama. Tumeipa ufunguo mupya."

"Na jina yangu? Utaweza kuifunga tena?"

Nilisomea kazi hii, nikafaulu, nikapewa na cheti, na hakuna mahali walipotufundisha hilo. Nilimwambia tutamtafutia mahali. Aliitikia kwa kichwa, akanipa hindi lililoiva zaidi.

Riziki hakuja Kasongo. Barabara ilikuwa na macho mengi, na Papa Donat aliogopa, mimi nikaogopa kuliko yeye. Alibaki upande ule wa mto, kwa ndugu wa Mama Zena, na lile jina la uongo ambalo Mwalimu alimpa kwa siku chache likawa jina lake. Akawa Sifa. Kwao Salamabila walifanya matanga yake, nasi hatukuwasahihisha, kwa sababu ilikuwa salama zaidi wakiamini amekufa. Mama yake alikufa baadaye akiamini hivyo. Yule komanda alihamishwa, akahamishwa tena, na nasikia sasa ana nyumba kubwa mahali fulani. Nami tangu mwaka ule nimeziba tundu nyingi kwenye mashine nyingi. Vijana wangu huuliza kwa nini nabadilika sura kwa sababu ya mistari michache ya programu, nami huwaambia wafanye kazi.

Kwenye arobaini, baada ya kicheko cha Mama Zena kupoa, nilikaa na wapishi, nikapewa ungo. Mbele yangu mwanamke mmoja alikuwa akikata vitunguu, nywele nyeupe tupu. Wenzake walimwita Mama Sifa, wakamtuma maji, wakamtania juu ya machozi yake, naye akaitikia kila mara. Tulikuwa tumeshasalimiana, salamu ndefu, kama watu wanaoonana mara ya kwanza. Kisha mama mmoja upande wa mlango akamwita binti yake aliyekuwa akicheza mbali. "Riziki," akaita. "Wee Riziki, kuja."

Kisu kikasimama juu ya kitunguu. Hakuinua kichwa. Mtoto akaja akikimbia, akapita kati yetu, na mama yake akamfuta pua. Kisha kisu kikaendelea, nami nikainama juu ya ungo wangu, nikaendelea kupepeta mchele.